PCP ya kwanza: nianze na bunduki au nianze na hewa?

Mlenga_Karatasi

Wakuu habari zenu. Nimetumia bunduki ya upepo ya springi kwa muda mrefu, ile unavunja mtutu ndo inajikoki, na naipenda kweli ila nimefika mahali naona inanibana. Nikibadilisha kidogo tu namna ya kuishika peleti (kile kirisasi chake) inaenda kwingine, nikiibana bega kwa nguvu matundu yanahama, nikiiegemeza kwenye kitu kigumu ndo kabisa. Sasa nataka kuhamia PCP, hizi zenye tangi la hewa iliyogandamizwa tayari, unavuta triga inatoa kipimo chake basi. Mimi ni kulenga tu, karatasi na vibao vya chuma vya kuanguka, mita 25 mpaka 40 hivi, sio kuwinda.

Nimesoma mpaka nimechanganyikiwa. Huyu anasema usinunue isiyo na regyuleta (kifaa cha kuweka presha sawa), yule anasema regyuleta ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Kuna kaliba (upana wa mtutu) ya .177 na .22, kuna ndefu za kawaida na zile fupi ambazo mashine iko nyuma kwenye kitako, kuna pampu ya mkono, mtungi, kompresa. Hela yangu sio ya kuchezea, nataka ninunue nitulie. Ungekuwa ndo unaanza leo ungeangalia nini kwanza na nini ungekiacha? Natanguliza shukrani.

HewaKwanza

Karibu sana mkuu. Hilo swali la mwisho ndo lenyewe, na jibu langu ni kwamba usichague bunduki kabla hujajua hewa utaipata wapi. Watu wengi wanapenda bunduki kwanza, inafika nyumbani, alafu ndo wanaanza kuuliza inajazwaje, na hapo chaguo la bunduki limeshawafunga.

Ngoja tufanye hesabu maana hapa ndo kila kitu kinapojificha. Chukua bunduki yenye tangi la cc 200 inayojazwa baa 200 (baa ni kipimo cha presha) na unaipiga mpaka geji isome baa 110 ndo unajaza tena. Tofauti ni baa 90, zidisha kwa lita 0.2, unahitaji lita 18 za hewa ya kawaida kila ukijaza. Kwa pampu ya mkono hiyo inawezekana kabisa kwa mtu mzima mwenye afya, utatokwa jasho kidogo ila unamaliza. Sasa chukua zile zenye chupa ya cc 500 inayojazwa baa 250 na unaishusha mpaka 120, hapo ni lita 65, yaani zaidi ya mara tatu na nusu ya kazi ile, na sehemu ngumu zaidi ya hiyo kazi iko juu ya baa 200 ambako kila mpigo wa pampu unakukatalia. Sio kwamba haiwezekani, ila utaanza kuiacha bunduki kabatini kwa sababu ya uchovu wa kuijaza, na bunduki isiyopigwa haina faida hata iwe nzuri vipi.

Mtungi nao una siri yake. Mtungi wa wapiga mbizi wa lita 12 uliojazwa baa 232 unaonekana mkubwa sana, lakini hewa inayokufikisha baa 200 ni ile iliyo juu ya 200 tu, baa 32 mara lita 12, lita 384. Gawa kwa 18, unajaza kama mara 21 mpaka 200 kamili, baada ya hapo unajaza mpaka 190, 180 na kuendelea kushuka. Mtungi mdogo wa nyuzi za karboni wa lita 3 wa baa 300 una baa 100 za juu, mara 3 ni lita 300, kama mara 16. (Kwenye baa 300 hewa haifuati hesabu hii sawasawa, itapungua kidogo, ila picha ni hiyo.) Umeona? Mdogo ambao unaubeba kwa mkono mmoja unakaribia ule mzito, kwa sababu kinachohesabika ni presha iliyo juu ya bunduki yako, ukubwa wa mtungi unakuja baadaye. Kwahiyo kama unajaza kwa mtungi wa 232 tafuta bunduki inayofanya kazi vizuri ikiwa 180 au 190, usinunue inayotaka 250 maana hutaijaza kamwe.

Kompresa ndogo za umeme zinarahisisha sana, ila zinapata joto, zinataka kupumzishwa, zinataka oili yake sahihi na chujio la unyevu. Mimi kwa anayeanza na anayelenga kama wewe ningesema pampu nzuri ya mkono au mtungi, kutegemea kama unapo pa kuujaza karibu. Jibu hilo kwanza, nusu ya orodha yako itajifuta yenyewe.

Nyundo_na_Valvu

Nakubaliana na HewaKwanza kwa hewa. Mimi niongelee regyuleta maana inaongelewa sana bila watu kueleza inafanya nini.

Ndani ya PCP kuna nyundo inasukumwa na springi, inagonga valvu, valvu inafunguka kwa muda mfupi sana, hewa inatoka inasukuma peleti. Kinachoifunga valvu ni hewa ya tangi yenyewe. Kwahiyo tangi likiwa limejaa sana hewa inaikandamiza valvu, nyundo inaifungua kidogo tu na peleti inatoka taratibu kuliko ulivyotegemea. Presha ikishuka valvu inafunguka zaidi na kwa muda mrefu zaidi, spidi inapanda, inafika kilele, alafu presha ikiwa ndogo mno spidi inaanguka. Ukichora kwenye karatasi unapata kilima. Watu wanaona spidi ndogo mwanzoni wanadhani bunduki haijajaa wanaongeza hewa, ndo wanazidi kuharibu.

Regyuleta inakata hicho kilima. Inachukua hewa ya tangi, iwe 250 iwe 180, inaishusha mpaka kipimo kimoja tuseme 120, na valvu inaona 120 muda wote, spidi inakuwa sawa mpaka tangi lenyewe likifika chini ya 120. Ni kitu kizuri na kwa kulenga mbali kina faida kweli. Lakini kwa mita 25 mpaka 40 sio lazima! Bunduki isiyo na regyuleta ambayo imepangwa vizuri kiwandani ina sehemu ya juu ya kilima iliyo tambarare, mfano ukiijaza 180 na kuacha ukifika 120 spidi inatofautiana kidogo sana kiasi kwamba kwenye karatasi huoni. Tafuta kronografu (kifaa cha kupima spidi ya peleti) hata ya kuazima, piga kutoka ikiwa imejaa mpaka ilegee, andika kila spidi na presha yake, utajua bunduki yako inapenda kuanzia wapi kuishia wapi. Na mara nyingi utakuta inapenda kujazwa pungufu ya ilivyoandikwa, yaani unapampu kidogo na unalenga vizuri zaidi.

Air Arms S200 na S400 zimejijengea jina miaka mingi bila regyuleta, peleti moja moja, nyepesi, tangi la wastani. Weihrauch HW100 yenyewe ina regyuleta na magazini ya peleti 14, ni chuma cha kudumu ila ni nzito na utailipia. Aina zote mbili ni sahihi, inategemea mkono wako na mfuko.

Kaliba_ndogo

Kwa matumizi uliyotaja jibu la kaliba ni .177 yaani milimita 4.5, na sababu iko kwenye mwendo wa peleti.

Bunduki nyingi za kulenga zinatengenezwa kwa nguvu ya futi-pauni 12, kama jouli 16, kwa sababu hicho ndo kikomo cha Uingereza na viwanda vingi vimezoea kupanga hapo. (Ujerumani bila kibali ni jouli 7.5, ndo maana utaona modeli hiyohiyo ina matoleo tofauti ya nguvu, soma vizuri unachonunua. Na sheria za ulipo uzijue kabla hujalipa chochote, sehemu nyingine hata sailensa (kizima sauti) ina kibali chake.) Sasa kwa nguvu ileile peleti ya .177 ya greni 8.44 (greni ni kipimo cha uzito) inatoka kwa mita kama 240 kwa sekunde, ya .22 ya greni 15.89 inatoka kama 175. Ikifika mita 40 ya .22 imeshadondoka karibu mara mbili ya ya .177. Kwa mtu ambaye anapiga leo mita 25, kesho 33, keshokutwa 40, huo udondokaji ndo adui yake mkubwa, ukikosea kukadiria umbali kwa mita tatu tu na .177 bado unagusa kibao, na .22 unakipita.

.22 ina sifa zake, peleti ni kubwa rahisi kushika kwa vidole, inastahimili upepo kidogo na ukipanda nguvu kubwa zaidi inakuwa na maana sana. Ila hukuomba nguvu.

Jambo ambalo halijaguswa bado ni peleti zenyewe. Bunduki ghali yenye peleti mbaya inashindwa na ya kawaida yenye peleti inayoipenda, na nasema inayoipenda maana kila mtutu una chaguo lake, hata mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja. JSB Exact za Czech na H&N za Ujerumani ni mahali pazuri pa kuanzia. Nunua makopo madogo ya aina tofauti, angalia pia saizi ya kichwa maana zipo 4.50, 4.51, 4.52, piga peleti kumi kumi siku isiyo na upepo. Tano ni chache, zinakudanganya. Ukiipata inayokusanya matundu pamoja nunua nyingi za namba hiyohiyo ya uzalishaji. Na usiziruke kwenye bajeti, weka hela ya peleti pembeni tangu mwanzo. Ni madini ya risasi hayo, nawa mikono ukimaliza kabla hujashika chakula.

Mlenga_Karatasi

Aisee wakuu asanteni, mmenifungua macho. Kwahiyo naona naelekea kwenye .177, tangi la kawaida lisilozidi baa 200, pampu ya mkono kwanza. Mtungi nitafikiria baadae.

Maswali mawili. La kwanza, hizi fupi je, maana zinanivutia kwa kweli zinabebeka. La pili, kuna rafiki yangu ana mtungi wa oksijeni wa kazi ya kuchomelea, kasema ananijazia tangi bure. Si ni hewa tu ileile?

FundiSili

HAPANA HAPANA mkuu, USIJAZE OKSIJENI. Acha kila kitu soma hapa kwanza.

Oksijeni safi kwenye presha ya juu ikikutana na mafuta au grisi hata kidogo mafuta hayo yanawaka yenyewe, na ndani ya bunduki kuna grisi, kuna oringi za mpira, kuna hewa inajigandamiza kwa kasi na kupata joto pale unapojaza. Huo ni mlipuko wa chuma karibu na uso wako. Mwambie rafiki yako asante, alafu mwambie na sababu maana anaweza kumfanyia mtu mwingine. PCP inajazwa hewa safi kavu ya kupumulia. Naitrojeni kavu nayo inatumika kwa wenye vifaa vyake, lakini oksijeni, au gesi yoyote inayowaka, hapana. Kaboni dayoksaidi nayo usiweke isipokuwa bunduki iliyoandikwa inakubali, zipo chache, ile Benjamin Discovery ilikuwa inakubali zote mbili na hewa yake ilikuwa psi 2000 tu, kama baa 138, ndo maana wenye pampu waliipenda sana. Ukiikuta iliyotunzwa usiidharau.

Na kwa sababu hiyohiyo ya mafuta, usiweke oili ya aina yoyote kwenye tundu la kujazia wala ndani ya pampu. Kinachoruhusiwa kwenye oringi ni grisi safi ya silikoni, kiasi cha kung'arisha tu. Mtu akikuambia dondoshea oili kidogo pampu iwe laini, usimsikilize.

Mambo mengine ya kujaza, nayasema yote hapa sababu huwa yanaandikwa kwa maandishi madogo kwenye kitabu. Jaza taratibu, ukijaza haraka hewa inapata joto, geji inasoma juu, ikipoa inashuka unadhani inavuja. Ukimaliza fungua kwanza kile kiskrubu cha kutoa hewa kwenye hosi ndo uchomoe, usilazimishe kuchomoa hosi yenye presha. Ukitumia pampu, piga dakika chache uipumzishe ipoe, na ukipumzika toa hewa ya chini ili maji yaliyojikusanya yatoke nayo, maana hewa yoyote ina unyevu na ukiigandamiza unyevu unakuwa maji, na maji ndani ya tangi la chuma ni kutu usiyoiona kwa macho. Nunua pampu yenye chujio la chembe za kunyonya unyevu na zikibadilika rangi zibadilishe au zikaushe. Mtungi nao lazima upimwe kwa presha ya maji kwa ratiba, sehemu nyingi ni kila miaka 5, na ya karboni ina tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake, ikipita usiitumie hata kama inang'aa kama mpya.

Kitu kingine, usifungue skrubu yoyote ya tangi ikiwa na hewa ndani. Yoyote. Toa hewa yote kama kitabu kinavyoelekeza alafu ndo uguse.

Kama unapenda historia kidogo kuhusu kupampu, jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya hewa ya Girardoni tangu karibu 1780, tangi lake ndo lilikuwa kitako chenyewe unalifungua na kuweka lingine, na kulijaza kulitaka pampu kama 1500. Msafara wa Lewis na Clark ulioondoka 1804 kuvuka Amerika ulibeba bunduki ya hewa. Kwahiyo tunaopampu leo tuna nafuu kubwa.

Nyundo_na_Valvu

Naunga mkono kila neno la FundiSili kuhusu oksijeni.

Kuhusu fupi, mimi ni mpenzi wake kwa hiyo pokea kwa tahadhari. Zinabebeka kweli na uzito unakaa karibu na bega, ukipiga ukiwa umesimama kwa muda mrefu utazipenda. Ila kuna mambo mawili. Triga iko mbele na mashine iko nyuma, zimeunganishwa na fimbo ndefu, na kwenye zile za bei ya chini hiyo triga inakuwa ya kulegea huijui itaachia lini, na triga kwa mlengaji ni kitu cha kwanza. Pili skopu (darubini ya kulengea) inakaa juu sana kuliko mtutu. Skopu ikiwa juu, mita za karibu zinakuhangaisha, peleti inapiga chini ya msalaba wa skopu kwa kiasi kikubwa mpaka ifike umbali uliosetia. Na kama unatumia mkono wa kushoto angalia bolti (komeo la kukokia) iko upande gani, shavu lako linakaa juu ya mashine pale. Kwa ya kwanza chukua ndefu ya kawaida, ile ya S200 hata mtoto wa shule akifundishwa na mkubwa wake anaiweza.

Skopu yenyewe, kwa PCP huna ule mtikisiko wa mbele na nyuma wa springi unaoua skopu, kwahiyo karibu yoyote nzuri itadumu. Unachotaka ni inayorekebishika fokasi kuanzia mita 10 hivi, nyingi zilizotengenezwa kwa bunduki za moto zimepangwa kwa mita 90 na kuendelea, kwenye mita 25 ukisogeza jicho kidogo msalaba unatembea juu ya shabaha.

Kaliba_ndogo

Niongeze moja la magazini maana wengi wanazikimbilia. Ni raha lakini ukivuta bolti mara mbili bila kupiga, peleti mbili zinaingia kwenye mtutu. Ya peleti moja moja unaona ulichoweka. Kwa karatasi hupotezi chochote, mimi naona hata inakufundisha kutulia kati ya risasi na risasi.

Na sauti. Springi inasikika kama kitu kinadunda, PCP isiyo na sailensa wala koti la mtutu inapasuka kali, majirani watajua. Angalia hilo kabla. Nyuma ya shabaha weka kitu kinachokula peleti kabisa, vibao vyako vya chuma vikae vimeinama kidogo kuelekea chini na uvae miwani, peleti zinarudi.

Mlenga_Karatasi

Oksijeni nimeelewa na nimempigia rafiki yangu tayari, nimemsomea hayo maelezo yote. Fupi naiacha kwa sasa. Kuna mtu anauza iliyotumika, ndefu, .177, bolti, peleti moja moja, anasema ilikaa bila kutumika muda na haina hewa kabisa. Nikaione au nipite?

FundiSili

Kaione, PCP iliyotunzwa inadumu sana na inayoharibika mara nyingi ni oringi tu, vitu vya kubadilisha. Ila haina hewa kabisa ina maana mbili, ama alitoa mwenyewe ama inavuja, na huwezi kujua mpaka ijazwe. Nenda na pampu au mwambie aijaze mbele yako. Kwa sababu imekauka, koki kwanza bunduki ikiwa haina peleti ndo uanze kupampu, ukikoki nyundo inarudi nyuma haiikalii valvu, valvu inapata nafasi ya kufunga, la sivyo utapampu na hewa itatoka mbele yote na utadhani bunduki imekufa.

Ikishika hewa isubiri ipoe, piga picha ya geji, muombe iache mpaka kesho yake. Ikishuka kidogo kwa sababu ya baridi la usiku sawa, ikishuka baa 20 au 30 kuna sili (mpira wa kuzuia hewa) imeisha, sio mwisho wa dunia lakini punguza bei. Angalia tarehe na mhuri kwenye tangi, angalia kama skrubu zimechanwa vichwa maana hiyo ni dalili fundi wa kubahatisha amepita humo, angalia mdomo wa mtutu kama una mkwaruzo, pale ndo peleti inapoagana na bunduki. Muulize ana adapta yake ya kujazia, hilo wauzaji wengi wanasahau na baadhi ya viwanda wana tundu la aina yao wenyewe, pampu yako haitaingia bila hicho kipande. Alafu piga peleti kumi kwenye karatasi ukiwa umeegemea kitu laini, na matundu ukayalete hapa tuyaone.

HewaKwanza

Na kabla hujaenda muulize kwenye simu inajazwa baa ngapi. Akisema hajui, soma kwenye tangi, imeandikwa. Usizidishe hiyo namba hata kwa baa 10.